Namba ya Tofali Kavu

Katika miaka niliyofanya kazi kwenye maabara ya vifaa vya ujenzi jijini Dar es Salaam, swali nililoulizwa kuliko yote lilikuwa fupi: tofali lipi lina ubaridi? Waliuliza mafundi, wenye viwanja, wanafunzi wa usanifu majengo, na mara mojamoja mkubwa wa ofisi fulani aliyetaka jibu la mstari mmoja la kuweka kwenye waraka. Jibu la mstari mmoja lipo. Kila kifaa cha ujenzi kina kiwango chake cha upitishaji joto, yaani namba inayosema ni wati ngapi zitapita katika mita moja ya mraba ya kifaa hicho, kikiwa na unene wa mita moja, endapo upande mmoja umeuzidi mwingine kwa nyuzi moja tu. Shaba inakaribia 400. Chuma cha kawaida ni kama 50. Zege zito liko kati ya 1 na 2, maji ni 0.6, mbao kavu ni kama 0.15, na hewa iliyotulia ni 0.026. Ukibandika orodha hiyo ukutani unaweza kumjibu kila anayegonga mlango, naye akaondoka ameridhika. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imeenda katika kujifunza kwa nini jibu hilo halimtoshi.

Kipimo chenyewe nilikutana nacho kidato cha tano. Chombo kilikuwa cha mwanafizikia Lees, kilichobuniwa Manchester mwishoni mwa karne ya 19: chumba kidogo cha mvuke juu, sahani nene ya shaba ya manjano chini, na katikati kipande chembamba cha kitu unachotaka kukipima. Sisi tulipewa kadibodi. Mvuke unaingia, joto linashuka kupitia kadibodi, sahani ya chini inapata moto hadi kipimajoto chake kinasimama. Kisha linafuata jambo ambalo sijaacha kulistaajabia. Joto lililopita kwenye kadibodi huwezi kulikamata ukalihesabu. Unachofanya ni kuitoa kadibodi, kuipasha ile sahani ya chini zaidi kidogo, kuiacha ipoe hewani na kuandika inavyopoa. Kasi ya kupoa inapopita pale ilipokuwa imesimama ndiyo inayokuambia ilikuwa ikipokea joto kiasi gani, kwa sababu kitu ambacho halijoto yake haipandi wala haishuki kinapoteza sawasawa na kinachopata. Wenzangu wengi walilichukua kama zoezi la mtihani. Mimi niliondoka nalo kama habari kubwa, kwamba kisichoonekana kinaweza kupimwa kwa uaminifu kupitia kile kinachopotea.

Msingi wa hesabu hizo aliuweka Mfaransa Joseph Fourier katika kitabu chake cha mwaka 1822. Alikuwa amefuatana na jeshi la Napoleon kwenda Misri mwaka 1798, kisha akawa mtawala wa mkoa mjini Grenoble, na huko, katikati ya kazi za serikali, ndiko alikolichunguza joto. Kanuni yake ni nyepesi. Joto linalopita huongezeka kadiri eneo na tofauti ya halijoto vinavyoongezeka, na hupungua kadiri unene unavyozidi. Karne mbili baadaye kanuni haijabadilika. Kazi yote iliyobaki ni kulilazimisha joto litii masharti yake, maana ndani ya tofali halisi joto halina adabu ya kufuata njia moja uliyolichorea.

Hapo ndipo penye ufundi. Mzee aliyenipokea maabara, ambaye nilimwita Baba kwa umri wake naye akaniita binti, alinionyesha kifaa kikubwa cha mabamba siku za mwanzo kabisa na hakunigusisha chochote mpaka nilipoweza kumweleza kila bamba lina kazi gani. Katikati kuna bamba la moto linalopashwa kwa umeme. Juu yake na chini yake unaweka vipande viwili vya kifaa kilekile, vyenye unene uleule. Nje ya vipande hivyo kuna mabamba ya baridi yanayopitishiwa maji. Umeme unaoingia kwenye bamba la moto unaujua kwa usahihi. Nusu ya joto lake inapanda, nusu inashuka, na kwa kuwa unajua eneo, unene na tofauti ya halijoto, namba unaipata kwa kugawanya tu.

Shida ni pembeni. Bamba likiachwa peke yake, sehemu ya joto itachepukia kando, na wewe utaihesabu kana kwamba imepita kwenye tofali. Kwa hiyo bamba la katikati limezungukwa na bamba jingine la ulinzi, likitenganishwa nalo kwa mwanya mwembamba, na hilo la nje hupashwa hadi lilingane kabisa na la ndani. Pasipo na tofauti ya halijoto, joto la katikati halina sababu ya kutoka kando, linapita wima kama Fourier alivyotaka. Hobart Dickinson alijenga kifaa cha namna hii katika ofisi ya taifa ya vipimo ya Marekani mwaka 1912, na kanuni yake haijabadilika hadi leo. Napenda fikra iliyomo ndani yake. Badala ya kujaribu kuhesabu upotevu, unaondoa sababu ya upotevu.

Kisha unasubiri. Kwa kipande cha zege cha sentimita 5 unaweza kusubiri saa kadhaa, na kwa vifaa vizuiavyo joto muda mrefu zaidi, mpaka usomaji wa kila nusu saa uwe uleule. Nilikuwa na haraka ya ujana. Baba alinizuia mkono juu ya kalamu na kusema, "Binti, ukiandika sasa utaandika joto lililo safarini. Sehemu yake bado inalipasha tofali lenyewe." Ndivyo ilivyo. Mwanzoni tofali linakunywa joto ili lipande halijoto, na joto hilo halijavuka upande wa pili. Namba ya upitishaji ina maana pale tu unywaji huo umekwisha. Umeme ukikatika usiku, asubuhi tulianza upya, hata kama usomaji wa mwisho ulikuwa umeshaanza kufanana. Baba hakukubali namba iliyokaribia. Tabia hiyo nimeirithi, na imenigharimu marafiki wachache waliotaka ripoti mapema.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu hulitaja kwa sentensi moja, nasi lilitulia wiki nzima: mgusano. Tofali la saruji halina uso laini. Ukiliweka kati ya mabamba ya chuma, linagusa kwenye vinundu vyake tu, na mahali pengine panabaki hewa. Chukua kipande cha sentimita 5 ambacho namba yake ya kweli ni 1. Ukinzani wake dhidi ya joto, yaani unene kwa mita ukigawanywa kwa namba hiyo, ni 0.05. Sasa acha mwanya wa hewa wa nusu milimita kila upande. Kila mwanya una ukinzani wa kama 0.019, miwili inakaribia 0.04, na kifaa chako kitasoma chini ya 0.6 badala ya 1. Tofali la kawaida kabisa litatoka maabara na cheti cha tofali bora. Kwa hiyo tulilisugua kwa msasa, tukalisawazisha, tukachimba vijifereji vyembamba na kulaza nyaya za thamokapo ndani ya uso wa tofali lenyewe ili tusome halijoto ya tofali, si ya bamba. Kijana anayetaka kujua maabara fulani inaaminika kiasi gani, ningemshauri asiulize bei ya mashine. Aulize wanavyosawazisha sampuli.

Haya yote bado ni upande wa chombo. Lililonigeuza mawazo lililetwa na fundi mmoja wa Mbagala aliyekuwa akifyatua matofali ya kuuza. Alikuja na matofali mawili kwenye kiroba, moja la mchanga na saruji, jingine alilochanganyia pumba za mpunga. "Dada, wateja wananiambia nyumba zinawaka," alisema. "Hili la pumba nahisi litakuwa na ubaridi. Nipimie." Matofali yalikuwa bado na unyevu, kwa kuwa alikuwa akiyamwagilia ili saruji ikomae. Tukafuata utaratibu: tukayakata, tukayaweka kwenye oveni ya nyuzi 105 mpaka uzito wake ukaacha kushuka, tukayapoza, tukayapima. La pumba lilitoka na namba ndogo, kama alivyohisi, kwa sababu pumba huacha vishimo vya hewa ndani. Nilimwambia pia apime nguvu ya kubeba mzigo, maana vishimo vilevile vinavyozuia joto hulidhoofisha tofali. Alifurahi. Kisha akauliza, akiwa ameshasimama kuondoka, "Lakini dada, ukutani haliwi kavu hivi. Masika je?"

Nilikuwa na jibu la kitabuni: maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa, kwa hiyo vishimo vikijaa maji namba inapanda. Sikuwa na jibu la tofali lake. Kiwango cha kimataifa ISO 10456 kina kanuni ya kukadiria. Zege likibeba maji sehemu 10 kati ya 100 za ujazo wake, namba yake hupanda kwa karibu nusu. Tofali lenye vishimo vingi ndilo lenye nafasi kubwa ya kunywa maji, na kwa hiyo sifa aliyoitafuta fundi huenda ikapungua katika miezi ileile ambayo kuta za Mbagala zimelowa. Wala huwezi kulichukua tofali bichi ukalibana kwenye mabamba yetu kwa saa nyingi. Maji hukimbia kutoka upande wa moto kwenda upande wa baridi, yakigeuka mvuke na kubeba joto yakiwa njiani, na mwisho unapima kitu ambacho si tofali kavu wala si tofali bichi.

Tangu siku hiyo nilianza kuyasoma majedwali kwa jicho jingine. Thamani nyingi zinazotangazwa Ulaya kwa vifaa vya kuzuia joto zimepimwa katika wastani wa nyuzi 10. Marekani hutumia mara nyingi nyuzi 24. Dar es Salaam haijawahi kuniamsha kwa nyuzi 10, na juu ya dari ya nyumba yenye bati mchana wa Januari wastani unaweza kuvuka 40. Vifaa vinavyozuia joto kwa hewa iliyonaswa, kama pamba ya kioo au povu la plastiki, hupitisha zaidi kadiri vinavyopata moto. Hali ya unyevu inayotajwa sana kwenye viwango ni hewa ya nyuzi 23 yenye unyevu wa asilimia 50, ambayo pwani yetu haifahamu. Waliopanga viwango hivyo walifanya haki: walieleza masharti yao wazi, wakapima kwa ajili ya nyumba zao. Sisi ndio tunaonakili namba na kuyaacha masharti, kisha tunamchorea mtu wa Temeke nyumba kwa tofali lililokauka katika hali ya hewa ya watu wengine. Jambo hili linanikera mpaka leo, kwa sababu anayelala ndani ya nyumba hiyo hana njia ya kujua kwamba kuna namba iliyomwahidi kitu kingine.

Fikiria ukuta wa kawaida wa tofali la inchi 6. Ukichukulia namba yake kuwa 1.2, ukinzani wake ni kama 0.125. Tabaka za hewa zinazogandamana na ukuta ndani na nje, kwa makadirio yanayotumika duniani, zina ukinzani wa 0.17 kwa pamoja. Yaani hewa inayogusa ukuta inazuia joto kuliko ukuta wenyewe. Nilipofanya hesabu hiyo mara ya kwanza niliirudia, nikidhani nimeweka nukta mahali pasipo pake. Iko sawa. Ndiyo maana kivuli cha mti, upana wa baraza, rangi nyeupe na dirisha linalotazama upepo vinaweza kuipoza nyumba kuliko kubishana tofali la nani lina 1.1 na la nani lina 1.3.

Bati nalo linahitaji haki yake. Bibi yangu wa Pangani aliezua makuti akaezeka bati, na wajukuu tulioenda shule tulimlalamikia. Chuma, tulimwambia, kinapitisha joto mno. Alitusikiliza mpaka mwisho. "Wajukuu zangu, makuti yanaungua na yanavuja, na kila baada ya miaka michache nimwite mtu apande," alisema. "Nyie mtamlipa?" Hoja yake ilikuwa nzito kuliko yetu, na fizikia yetu ilikuwa pungufu. Bati la geji 30 lina unene wa kama milimita 0.3. Ukinzani wake ni mdogo kiasi cha kutohesabika, na hata lingetengenezwa kwa kitu kinachopitisha joto mara 100 chini ya chuma, bado ukinzani huo usingefika hata 0.001. Kosa haliko kwenye namba ya chuma. Liko kwenye wembamba, na zaidi kwenye mionzi: bati lililochomwa na jua hurusha joto kwenda chini moja kwa moja, na aliyeketi chini yake huwa kama aliyeketi mbele ya jiko la mkaa, hewa haijachemka lakini uso unaungua. Bati jipya linalong'aa hurudisha sehemu kubwa ya jua. Likishika kutu hulinyonya.

Kwa hiyo dawa ya nyumba ya bibi haikuwa kurudisha makuti. Ilikuwa dari, na juu ya dari kitu chepesi chenye hewa ndani, na matundu ya kutoa hewa ya moto kwenye paa. Makuti yenyewe nimeyapima baadaye, ndani ya fremu ya mbao ili yasibanwe. Ni kazi ya taabu, maana ukiyakandamiza kidogo namba inabadilika na ukiyaacha huru hewa inatembea ndani yake. Majedwali huyapa mapaa ya nyasi na majani namba ya kama 0.07 hadi 0.09. Kwa unene wa sentimita 15, ukinzani unakaribia 2, mara nyingi zaidi ya ukuta wa tofali chini yake. Wazee waliweka ulinzi mkubwa pale jua linapopiga zaidi.

Kuta za mawe ya matumbawe za Mji Mkongwe na Lamu zinafundisha jambo jingine, nitalipitia kwa haraka kwa kuwa linastahili makala yake. Namba ya upitishaji ya jiwe hilo pamoja na chokaa si ndogo kama ya makuti. Lakini ukuta una unene wa karibu nusu mita, ni mzito, na joto la adhuhuri linachukua saa nyingi kuuvuka. Mchana ndani pana ubaridi. Usiku ukuta unarudisha ulichokopa, na ndiyo sababu mojawapo watu wa Lamu wakajenga sakafu ya juu yenye paa la makuti lililo wazi pembeni, wapate upepo wa kulalia. Anayetaka kuuelewa ukuta huo kwa namba moja hataweza. Anahitaji pia uzito wake, na kiasi cha joto ambacho kila kilo inaweza kutunza.

Nilipokabidhiwa usimamizi wa maabara nilibadilisha fomu ya ripoti. Hakuna namba ya upitishaji iliyotoka bila uzito wa kifaa kwa ujazo, unyevu wake siku ya kupimwa, wastani wa halijoto, na jinsi uso ulivyosawazishwa. Baadhi ya wateja walilalamika kwamba karatasi imekuwa na maneno mengi. Tuliweka pia ratiba ya kukikagua chombo kwa bodi ya nyuzi za kioo kutoka NIST, taasisi ya taifa ya viwango ya Marekani, ambayo namba yake imethibitishwa, kwa kuwa nisingeweza kumtaka fundi wa Mbagala aniamini bila mimi mwenyewe kuwa na wa kumjibu.

Na swali lake la masika sikuliacha. Kuna kifaa cha sindano: ndani ya bomba jembamba la chuma kuna waya wa kupasha na kipimajoto pamoja. Unatoboa tundu ukutani, unaingiza sindano na mafuta mazito ya kuziba hewa, unawasha umeme mdogo kwa dakika chache na kuangalia jinsi halijoto inavyopanda. Ikipanda upesi, ukuta hauliondoi joto. Ikipanda polepole, unalipitisha kwenda mbali. Usahihi wake haufikii ule wa mabamba, lakini maji hayapati muda wa kukimbia, na ukuta hauhitaji kukatwa wala kukaushwa. Unaupima ulivyo, pamoja na chumvi yake na lipu yake iliyopasuka.

Vijana niliowaachia maabara wanaitumia sindano hiyo sasa. Nimewaomba wapime ukuta uleule mwezi wa Februari na mwezi wa Aprili, kwa urefu tofauti kutoka kwenye msingi, na waandike namba zote bila kutafuta wastani. Wataanza na vyumba vya uani vya kupangisha, kwa sababu huko kuta huchelewa kukauka na ndiko wapangaji wengi wanakolala, kisha watapanda Njombe, ambako swali la ukuta uliolowa ni la baridi ya Juni na mtoto anayekohoa usiku.